Usukani unapolegea: Chunguza kwanza, kaza baadaye

GARI la zamani linaloteremsha nyanya kutoka Ngarenanyuki kuelekea Usa River hutikiswa na mawe na kumezwa na vumbi muda mrefu kabla ya kuikuta lami ya barabara kuu ya Moshi. Kwenye mawe, dereva huzungusha usukani kulia na kushoto bila kukoma, na ulegevu wowote uliomo huonekana kuwa ni ubovu wa njia. Anapofika kwenye lami, mwendo ukiongezeka na vifodi na pikipiki zikimzunguka, ndipo anapobaini kuwa gari halimtii. Anageuza usukani, nayo magurudumu yanachelewa kuitika.

Hali hiyo mafundi huiita usukani "kucheza". Ni ugonjwa wa kawaida kwa magari yenye umri mkubwa, na Arusha ni mji wa magari ya namna hiyo. Land Rover, gari lililozinduliwa mwaka 1948, lilikoma kuundwa katika umbo lake la asili Januari 2016, lakini mitaani na kwenye minada ya Wilaya za Monduli na Longido bado linafanya kazi kila siku. Oktoba 2024 jiji lilipoandaa tamasha la magari hayo, mamia yalikusanyika. Ukiongeza Toyota Land Cruiser zilizochoka kwa kubeba watalii, na Corolla za miaka ya 1990 zinazotumika kama teksi na magari ya familia, utaona kwa nini gereji za Unga Limited na Sombetini hazikosi wateja wenye malalamiko ya usukani.

Tatizo ni kwamba tiba ya kwanza inayotolewa mara nyingi si tiba. Juu ya sanduku la usukani, lile ambalo mafundi wengi huliita "stelingi boksi", ipo skrubu yenye nati ya kuifungia. Inafikika kirahisi, kazi huchukua dakika chache, na ikikazwa ulegevu hupungua palepale. Mteja anaondoka ameridhika. Hata hivyo, kati ya mikono ya dereva na magurudumu ya mbele kuna viungo vingi, na sanduku ni kimojawapo tu. Kukaza sanduku ili kuficha ulegevu wa kiungo kingine ni kuuacha ugonjwa mahali pake na kuanza kukiharibu kifaa kilichokuwa kizima.

Ulegevu wa aina mbili

Kwanza ni lazima kutofautisha. Upo ulegevu wa usukani wenyewe, yaani duara lile linapopanda na kushuka au kuyumba mkononi gari likiwa limesimama. Huo hutokana na nati ya katikati ya usukani iliyolegea, bushi au beringi za mhimili zilizolika, au bolti zinazoushikilia mhimili chini ya dashibodi. Kuutambua ni rahisi: dereva aushike usukani kwa mikono miwili, auvute kuelekea kwake, ausukume mbele, kisha aunyanyue juu na kuushusha. Nati ya katikati ikiwa ndiyo iliyolegea, gari lisiondoke hapo lilipo hadi ikazwe, kwa kuwa usukani unaweza kung'oka mkononi.

Aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, ni ile ambayo usukani umekaa imara lakini unazunguka kiasi bila magurudumu kugeuka. Hapo ndipo kazi ya uchunguzi inapoanza, na chombo cha kwanza ni rula ya mwanafunzi.

Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele. Kama lina usukani wa hidroliki, injini iwe inanguruma, kwani mfumo huo ukiwa umezimwa huonyesha ulegevu ambao haupo. Usukani uguswe kwa kidole tu, upelekwe upande mmoja hadi gurudumu lianze kutaka kugeuka, kisha upande wa pili, huku mwenzake dereva akilitazama gurudumu kutoka nje. Umbali uliopotea hupimwa kwenye ukingo wa usukani. Miongozo ya Toyota kwa magari yake mengi madogo huweka kikomo cha milimita 30. Ukaguzi wa lazima wa magari nchini Uingereza huwa mkali zaidi kwa magari yenye raki, takriban milimita 13 kwa usukani wa kipenyo cha milimita 380, lakini huruhusu hadi milimita 75 kwa yale yenye sanduku. Kwa hiyo mwenye Land Rover asitegemee gari lake liitike kama Corolla. Kinachopaswa kumshtua ni mabadiliko: ulegevu ambao mwezi uliopita haukuwapo.

Watu wawili, mmoja chini ya gari

Baada ya kupima, mtu mmoja hukaa kwenye usukani na mwingine huingia chini ya gari. Gari lisinyanyuliwe kwa jeki. Uzito wake ukiwa juu ya matairi, magurudumu hugoma kugeuka, na kila kiungo kilicholika hulazimika kujionyesha. Breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Aliye juu hutikisa usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, bila kukoma.

Aliye chini hufuata mwendo huo kuanzia juu kwenda chini, akiweka kiganja juu ya kila kiungo. Huanza na krosi ya mhimili, pale mhimili wa usukani unapopindia kuelekea kwenye sanduku au raki. Kisha hutazama shafti inayoingia kwenye sanduku na mkono unaotoka upande wa pili. Shafti ikizunguka na mkono ukachelewa, ulegevu umo ndani ya sanduku. Vikienda pamoja, sanduku halina hatia, na safari inaendelea: mkono, fimbo, tairodi, gurudumu. Mahali ambapo upande mmoja wa kiungo unasogea na wa pili umetulia, hapo ndipo penye ubovu. Kiganja hulitambua jambo hilo mapema kuliko macho.

Jambo moja husahaulika mno. Sanduku lenyewe limefungwa kwenye chesisi kwa bolti, na bolti hizo hulegea. Kwenye magari yaliyopigwa sana na barabara mbovu, chuma cha chesisi kinachozunguka bolti hizo huweza kupasuka. Usukani unapotikiswa, sanduku zima husogea na mstari wa ufa hufunguka na kufumba. Ili kuuona ni lazima tope na grisi viondolewe kwanza, na kwa hiyo gari lioshwe chini kabla ya kuchunguzwa. Fundi anayeanza kazi juu ya tabaka la tope la masika anabahatisha.

Hapo ndipo mazingira ya Meru yanapoingia. Mlima huo wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 ni volkano, na udongo wa miteremko yake hutoa vumbi laini wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa mvua. Tairodi hulindwa na kifuko cha mpira kilichojaa grisi. Mpira ukichanika, vumbi huingia, huchanganyika na grisi na kugeuka kuwa kitu mfano wa msasa. Kutoka hapo kiungo hakina maisha marefu. Kukagua mipira hiyo kila gari linapobadilishwa oili hakugharimu chochote, na mpira uliochanika ni onyo linalokuja mapema kabla ulegevu haujasikika mkononi.

Gurudumu likiwa hewani

Jeki huja baadaye. Gari likinyanyuliwa liwekwe juu ya stendi imara, kamwe lisiachwe juu ya jeki peke yake, sembuse juu ya tofali. Gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mwenzake dereva akanyage breki ya mguu. Mchezo ukitoweka, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea. Ukibaki, tatizo ni kingipini, au boli jointi kwa magari madogo. Kisha gurudumu hushikwa upande wa kushoto na wa kulia na kutikiswa tena, na mchezo wa namna hiyo mara nyingi huelekeza kwenye tairodi. Kwenye Corolla na magari mengine ya raki, usisahau kiungo cha ndani kilichofichwa na kifuko cha mpira mwishoni mwa raki. Kifuko hicho kikibonyezwa kwa vidole wakati gurudumu likitikiswa, mchezo husikika.

Land Rover ina mambo yake. Zile za zamani, zilizoundwa kabla ya modeli ya 110 ya mwaka 1983, zina viungo sita vya duara kati ya sanduku na magurudumu, pamoja na kifaa cha kati kilichochomekwa ndani ya bomba la mbele la chesisi. Mchezo mdogo katika kila kimoja, ambao peke yake haumtishi mtu, ukijumlishwa huwa mkubwa. Kifaa hicho cha kati huhitaji oili, na ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Anayekifungua bila kuifunga springi hiyo kwa klipu au waya anaweza kuumia vibaya. Si kazi ya kujifunzia nyumbani.

Kwenye 110 na Defender, mtuhumiwa ambaye wengi hawamfikirii ni fimbo inayozuia ekseli ya mbele isihame kulia na kushoto. Bushi zake zikilika, ekseli yote husogea chini ya gari na dereva hudhani usukani ndio wenye kosa. Aidha, magari hayo hujulikana kwa mtikisiko mkali wa usukani baada ya tairi kugonga shimo. Wengi hukimbilia kufunga shokapu mpya ya usukani. Mtikisiko hupungua kwa muda, lakini kilichofanyika ni kuuziba mdomo wa kengele, kwa kuwa bushi, kingipini au beringi iliyolegea bado imelegea.

Sanduku liguswe mwisho

Uchunguzi ukimalizika na sanduku likabainika kuwa ndilo lenye mchezo, skrubu inaweza kuguswa. Magurudumu yatazame mbele, nati ilegezwe, na skrubu ikazwe kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko kwa mara moja. Kisha usukani uzungushwe hadi mwisho wa kila upande. Meno ya ndani hulika zaidi katikati, kwa vile gari hutumia muda mwingi likienda mbele. Ukikaza hadi mchezo wa katikati uishe kabisa, sehemu za pembeni ambazo hazijalika zitabana, na usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Kwenye kona kali, gari lenye usukani ulionasa ni la hatari kuliko lile lenye usukani uliolegea.

Kubadilisha tairodi ni kazi ya kawaida ya gereji, lakini ina masharti. Mizunguko ya kuifungua ya zamani ihesabiwe, na mpya ifungwe kwa idadi ileile. Pini ya kufungia nati iwe mpya. Ya zamani iliyonyooshwa hukatika. Kuhusu kuchomelea, jibu ni moja. Mkono au fimbo ya usukani iliyopasuka au kupinda haichomelewi wala kunyooshwa kwa moto, kwa sababu joto huharibu ugumu wa chuma hicho na kukifanya kivunjike bila onyo. Kipuri kilichotumika lakini kizima ni bora kuliko kile kilichochomelewa, ingawa bora zaidi ni kipya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuendesha gari bovu, lakini trafiki wa barabarani hawezi kuiona fimbo iliyochomelewa akiwa amesimama dirishani.

Kampuni nyingi za utalii hufanya kazi hizi kati ya Aprili na Mei, wakati masika imepunguza wageni na magari yamelala. Mwenye gari moja hana nafasi hiyo, lakini anaweza kuomba viungo vilivyochoka vibadilishwe kwa mkupuo mmoja ili alipie alaimenti mara moja tu, kwani kila tairodi ikibadilishwa alaimenti lazima ipimwe upya.

Baada ya alaimenti, huenda usukani ukakaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja. Wapo mafundi ambao huung'oa na kuurudisha ukiwa umenyooka. Kwenye gari lenye sanduku, hilo ni kosa ikiwa fimbo ndizo hazijapangwa sawasawa. Sanduku limetengenezwa ili meno yake yabane vizuri zaidi likiwa katikati. Likiachwa likifanya kazi nje ya katikati, usukani utaonekana umenyooka huku ukiendelea kucheza. Zinazopaswa kurekebishwa ni fimbo, hadi magurudumu, sanduku na usukani vyote vikutane katikati.