Kusudi na Tokeo: Chimbuko la Utata wa Viunganishi vya Kiingereza

1. Utangulizi

Walimu wa lugha wamezoea kulalamika kwamba wanafunzi huchanganya viunganishi vya Kiingereza vinavyoonyesha kusudi na vile vinavyoonyesha tokeo. Makosa hayo huhesabiwa kuwa ni uzembe, au husemekana kuwa ni athari mbaya ya lugha ya kwanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utata huu haukuzaliwa na mwanafunzi. Umetokana na historia ya Kiingereza chenyewe, na Kiswahili kinaweza kusaidia kuutatua.

Tuzitazame sentensi hizi mbili:

(1) The watchman left the gate open so that the thieves might enter.
(2) The watchman left the gate open, so that the thieves entered.

Kiunganishi ni kile kile, lakini katika (1) bawabu amekula njama na wezi, na katika (2) amezembea tu. Mkalimani wa mahakama akikosea hapa, atakuwa amembadilishia mtu hatia yake. Kiswahili huzitenga maana hizi waziwazi:

(1) Bawabu aliacha lango wazi ili wezi waingie.
(2) Bawabu aliacha lango wazi hata wezi wakaingia.

2. Kiingereza cha Kale

Katika Kiingereza cha Kale, kilichotumika hadi yapata mwaka 1100, kiunganishi "þæt" kiliweza kutanguliza kishazi cha kusudi na pia kishazi cha tokeo. Kwa hiyo utata wa kiunganishi si jambo jipya. Kilichokuwa kikiondoa shaka ni kitenzi. Kwa kawaida kishazi cha kusudi kilichukua hali tegemezi, na kishazi cha tokeo kilichukua hali ya kuarifu. Kitenzi cha "kuja", kwa mfano, kilikuwa "comon" katika wingi wa wakati uliopita kilipoarifu jambo lililotendeka, na "comen" kilipokuwa katika hali tegemezi. Irabu moja tu ndiyo iliyobeba tofauti.

Si vitenzi vyote vilivyokuwa na bahati hiyo. Katika umoja wa wakati uliopita, vitenzi vingi havikutofautisha hali hizo mbili. Mbegu ya utata ilikuwa imekwisha kupandwa.

3. Kuporomoka kwa viambishi tamati

Katika karne za 11 na 12 irabu za silabi zisizotiliwa mkazo zilififia na kulingana. "Comon" na "comen" zikawa neno moja. Lugha ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kuonyesha kusudi, ikavitwika kazi hiyo vitenzi visaidizi kama "may", "might" na "should", ambavyo asili yake vilikuwa vitenzi kamili vya kuweza na kupaswa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa vishazi vya kusudi vya namna hii.

Mabaki ya mfumo wa zamani yanaonekana katika "lest", neno lililotokana na fungu la maneno ya Kiingereza cha Kale "þy læs þe". Hadi leo kitenzi kinacholifuata huweza kubaki bila alama ya nafsi wala ya wakati: "lest he fall".

Lakini hata vitenzi visaidizi vimechakaa. Katika mazungumzo ya siku hizi "might" ya kusudi imeipisha "could", na hapo ndipo penye mtego:

(3) The watchman left the gate open so that the thieves could enter.

Je, alitaka waweze kuingia, au waliweza tu kwa sababu lango lilikuwa wazi? Sentensi yenyewe haitoi jibu. Mkato kabla ya kiunganishi huashiria tokeo katika maandishi, lakini msikilizaji hana mkato wa kuusoma. Mwenye kutaka kuondoa shaka hana budi kutumia "in order that" kwa kusudi, au "with the result that" kwa tokeo.

4. Ushahidi wa Kiswahili

Kiswahili kimehifadhi kile ambacho Kiingereza kimepoteza. Kusudi hudhihirika katika kiishio -e (waingie), na tokeo katika viambishi vya wakati au -ka- (wakaingia). Hata vitenzi vya asili ya Kiarabu visivyopokea -e hubainika kwa kukosa kiambishi cha wakati: "ili arudi", lakini "hata akarudi". Na penye "lest" pana muundo wetu wa "-sije -ka-": "Shika tawi usije ukaanguka."

Neno "hata" lenyewe linatukumbusha kwamba jambo hili si la Kiingereza peke yake. Tumelipata kutoka Kiarabu, na huko Sibawayhi, mwanasarufi wa karne ya 8, alionyesha kwamba maana yake hubadilika kufuatana na irabu ya mwisho ya kitenzi kinacholifuata: kwa irabu moja huonyesha kikomo au kusudi, kwa nyingine tokeo lililokwisha kuwa.

5. Hitimisho

Vitabu vya sarufi, tangu cha Steere (1870) hadi cha Ashton (1944), vililieleza umbo la -e kwa ajili ya Mwingereza anayejifunza Kiswahili. Wakati umefika wa kuigeuza njia hiyo. Mwalimu asimkaririshe mwanafunzi orodha ya viunganishi, bali amfundishe kukitazama kitenzi kinachofuata na kuuliza: kwa Kiswahili, ningesema "waingie" au "wakaingia"? Akipata majibu yote mawili, kama katika (3), asihesabiwe kuwa amekosa. Ameugundua utata uliomo katika sentensi yenyewe.

Aidha, tujihadhari na mkondo wa kinyume. "Ili kwamba", inayosikika siku hizi, ni "so that" iliyovishwa kanzu. Neno "ili" linatosha. Tukianza kuegemea kiunganishi na kukipuuza kitenzi, tutakuwa tunaifuata njia ambayo Kiingereza kilipitia bila hiari.