Mkono wa Mugwe na Mtutu wa Bunduki

Hapo kale, kabla ya utawala wa Waingereza, kijana wa Kimeru aliyekwenda vitani alitegemea mambo mawili: silaha zake, yaani mkuki, upanga na ngao, na baraka za mzee aliyeitwa Mugwe. Mugwe hakuwa jemadari. Nguvu zake zilisemekana kuwamo katika mkono wake wa kushoto, ambao aliuficha daima chini ya vazi lake. Wazee walisimulia kwamba adui wakishambulia, ilimtosha kuuinua mkono huo, nao wangesimama. Padre Bernardo Bernardi aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1959.

Huenda mwanafunzi akacheka. Na atafakari kwanza. Ngao hukinga mwili, haikingi moyo, na mwoga hushindwa hata akiwa na mkuki mkali. Baraka zilimtia kijana ushujaa, tena zilimkumbusha kwamba hapigani kwa ajili yake peke yake. Adui naye, akiwa jirani anayezijua habari za mkono ule, aliingia vitani na hofu moyoni. Basi mkuki na baraka vilisaidiana.

Lakini nguvu za namna hiyo zilihitaji adui mwenye kuziamini. Mgeni asiyemjua Mugwe hangesimama kwa kuinuliwa mkono, na risasi yake ilitoka mbali, mahali ambapo mkuki haukufika. Huko Tanganyika, mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaahidi watu kwamba maji yake yangewakinga na risasi za Wajerumani. Maji hayo yaliunganisha makabila mengi, jambo kubwa sana, risasi hayakuzizuia. Mwaka 1906 Waembu waliwakabili kwa ushujaa askari wa King's African Rifles, wakashindwa na bunduki. Jirani zao Wameru hawakupigana vita kama ile, na mwaka 1908 Mwingereza Edward Horne, waliyemwita Kangangi, alianzisha kituo cha serikali katika nchi yao.

Je, wazee wetu walikuwa wajinga? La, hasha. Imani yao iliwapa umoja na ujasiri, ambavyo hakuna bunduki iwezayo kuvitoa. Kosa lilikuwa kuitaka imani ifanye kazi ya ngao. Atakaye kuilinda nchi yake na aulinde moyo wake, kisha aijue vyema silaha ya adui yake.