Gharama ya SMS za Jumla

SMS za jumla ni huduma ya kutuma ujumbe mmoja kwa simu nyingi kwa mkupuo, kupitia kampuni inayounganisha kompyuta ya mtumaji na mitambo ya mitandao ya simu. Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya SMS moja. Bei hiyo ina uzito wake, lakini bili hufuata idadi ya vipande ambavyo ujumbe hugawanywa. Kipande kimoja hubeba herufi 160. Ujumbe ukizidi hapo, kila kipande hubaki na 153. Herufi za Kiswahili zimo katika alfabeti ya kawaida ya SMS, ila ritifaa iliyopinda ya “ng’ombe”, ikinakiliwa kutoka programu ya uandishi, haimo, hivyo hushusha kikomo hadi 70, na tangazo la herufi 150 hulipiwa mara tatu, isipokuwa mtoa huduma awe anainyoosha mwenyewe kabla ya kutuma.