Mkungu wa Bonsai

Jopo moja la watunga istilahi, ambalo adabu yanizuia kulitaja, limeona yafaa chombo ambamo bonsai, ule mti ulelewao ubaki mdogo, hupandwa kiitwe "chungu cha mti uliodumaa", na wapo waandishi waliokwisha kulipokea jina hilo pasi na kuuliza limetoka wapi. Nimelipinga tangu lilipotangazwa, wala sikupata jawabu ila kwamba watu wamekwisha kulizoea, kana kwamba mazoea ni hoja. Kudumaa ni maradhi. Na ule msonobari wa Kijapani ulioanza kulelewa mwaka 1625, ukanusurika na bomu la Hiroshima mwaka 1945, kisha ukatolewa hidaya kwa Marekani mwaka 1976, nao u hai hata leo mjini Washington, si mti mgonjwa. Lakini kosa la mti nitawaachia wengine. Langu ni la chombo.

Wajapani waliipata "bon" kwa Wachina, ambao huitamka "pen", na maana yake ni chombo kipana chenye kina kifupi. "Sai" ni kupanda. Atakayeitazama hati ya Kichina ya neno "bon" ataona kwamba sehemu yake ya chini ni alama ya sahani, na alama hiyo ndiyo shahidi wangu mkubwa, kwa kuwa hati yenyewe yakihesabu chombo hiki katika jamii ya sahani. Chungu kwetu ni chombo cha mekoni, chenye tumbo na shingo, kikaacho juu ya mafiga. Kukitia msonobari ni kuudhulumu mti na lugha pia.

Mwenzangu mmoja, ambaye hupenda kunitangulia katika mambo haya, amependekeza "sinia", naye ana hoja nzuri kuliko ajuavyo mwenyewe, kwani neno hilo katika Kiarabu lilimaanisha kitu cha Kichina. Lakini sinia letu ni la madini, halina tundu wala udongo. "Kombe" lingefaa kwa umbo, ila limekwisha kubeba heshima nyingine, ya aya ziandikwazo kwa zafarani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa maji yake. Sioni halali kulivuta hadi bustanini.

Limebaki "mkungu". Mkungu ni chombo cha udongo, kipana cha mdomo na kifupi cha kimo, ambacho watu wa pwani walikilia chakula na kufunikia vyungu vyao. Udongo upo, upana upo, ufupi wa kina upo, na ile alama ya sahani imepata ndugu yake. Nimeambiwa kwamba mkungu ni wa ndizi, tena ni jina la mti. Naam, na "kaa" ni la moto, ni la baharini, tena ni kuketi, wala sijasikia Mswahili aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Aliyetoa pingamizi hilo amelitoa kwa haraka, nami nilitaraji zaidi kwake.

Kuhusu matumizi, yatosha kusema kwamba miti ya jamii ya msonobari na mtarakwa huchaguliwa mkungu wa udongo uliochomwa pasi na kupakwa rangi ya kung'aa, wa hudhurungi au wekundu uliofifia, kama ule utokao Tokoname kwa Wajapani na Yixing kwa Wachina, aghalabu wa pembe nne; kina chake kikaribie unene wa shina pale chini, urefu wake theluthi mbili za kimo cha mti, na matundu yake yapitishe maji upesi, maana mizizi ya msonobari haistahimili maji yaliyotuama. Mikungu ya kung'aa iachiwe miti ya maua na matunda. Mti ulioelekezwa kuporomoka chini ya kitako cha chombo chake ndio hasa upewao chombo chenye kina kirefu, na hicho nakubali kiitwe mtungi.

Basi nawasihi wahariri, walimu na watunga kamusi waliandike neno hili, mkungu wa bonsai, wingi wake mikungu ya bonsai, na jopo lile lifute lake katika chapa ijayo.