Kidole Gumba na Ini

Kwa Sadala, pale njia ya kupanda Masama inapoiacha barabara ya Moshi–Arusha, mnunuzi wa parachichi hadanganywi na ukubwa. Hulibonyeza kwa kidole gumba. Uchunguzi wa ini ulikuwa vivyo hivyo. Tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 hadi hospitali ya KCMC ilipofunguliwa Moshi mwaka 1971, altrasaundi haikuwapo, ila vidole: daktari anaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, mgonjwa anavuta pumzi, ukingo wa ini unashuka kukutana na vidole. Ukiwa laini, heri. Ukiwa mgumu wenye mafundo, daktari ananyamaza kidogo kabla ya kusema. (Kijiweni lawama zote za ini gumu huangukia pombe ya mbege, huku virusi vya homa ya ini B na sumukuvu ya mahindi na karanga havitajwi.)

Kwa hiyo picha za kupima ugumu wa uvimbe wa ini, zinazosifiwa kama uvumbuzi mpya, naziona kuwa mjukuu wa mkono ule. Mtikisiko hukimbia zaidi ndani ya kitu kigumu. Mwaka 1995 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha jinsi MRI inavyoweza kuufuatilia, na leo ugumu husomwa kwa kilopaskali. Atakayesema mkono unatosha ajue kwamba mkono hauna kumbukumbu: haukuambii ini limebadilika kiasi gani tangu miezi miwili iliyopita. Rula ya kupima upana wa uvimbe nayo hukosea, maana uvimbe uliokwisha kuuawa na tiba huweza kubaki na upana uleule huku umelainika ndani. Hapo ndipo ugumu unapopata kazi ya kubashiri nani tiba inamfaa, ingawa tafiti zenyewe bado ni za wagonjwa wachache. Wapo pia wanaohoji, na wana haki, kwamba ini lenye makovu ni gumu lote, hivyo namba moja yaweza kupotosha; dawa yake ni kumlinganisha mgonjwa na vipimo vyake mwenyewe vya awali. Pingamizi nisiloweza kulivunja ni la wakati: anayefika hospitali tumbo limekwisha kujaa maji, hakuna picha itakayomrudisha nyuma. Ndiyo maana ni heri kuwahi: chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, nenda ukapime damu.