Bi Swafiya Said, Mwalimu wa Waalimu wa Watoto Wadogo

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye na jamaa zake na masahaba zake, twasema hivi. Ada ya vijitabu vya ukumbusho kama hiki ni kutaja majina ya waliojenga misikiti, na waliotoa viwanja, na mashekhe waliosomesha vitabu vikubwa. Ada hiyo ni njema, wala hatuiondoi. Lakini liko kundi moja la watumishi wa umma huu ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni la wanawake wanaosomesha watoto wa miaka mitatu, minne na mitano. Na katika hao yuko mmoja ambaye kazi yake ilianza Mombasa, ikavuka bahari hadi Unguja, kisha ikapanda bara mpaka huku kwetu Uganda. Huyo ni Bi Swafiya Said.

Ili msomaji aijue thamani ya kazi yake, yapasa kwanza aijue hali aliyoikuta. Waislamu wa Pwani walikuwa watu wa kusoma na kuandika kabla ya kuja serikali ya Kiingereza. Mtoto alipelekwa chuoni angali mdogo, akakaa mkekani mbele ya mwalimu wake, akajifunza alifu na bee hata akahitimu msahafu. Zilipokuja skuli za kizungu, nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na baba Muislamu akaona kumpeleka mwanawe huko ni kumtoa katika dini. Huku Uganda mambo yalikuwa yayo hayo. Uislamu ulifika katika jumba la Kabaka Suna mwaka 1844, yaani miaka 33 kabla ya wamisheni wa kwanza kuwasili mwaka 1877. Lakini skuli kubwa zilipofunguliwa, kama ile ya Gayaza mwaka 1905 na ya Budo mwaka 1906, zilikuwa za wamisheni. Basi waliotangulia kuingia nchini wakawa nyuma katika elimu, na watoto wao wakawa nyuma katika kazi za serikali.

Wala wakubwa wetu hawakunyamaza. Mombasa alikuwako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Katika magazeti yake mawili, Sahifa la mwaka 1930 na Al-Islah la mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wakamate elimu zote mbili, ya dini na ya dunia, na wasiwanyime watoto wa kike haki yao ya kusoma. Huku kwetu Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu alizipa nguvu skuli za Kiislamu kwa mali yake na kwa jaha yake. Na mwaka 1951 Mombasa ilifunguliwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, ili vijana wapate ufundi na sanaa za kisasa.

Zote hizo zilikuwa juhudi njema. Ila ukizitazama utaona kuwa zilimwangalia mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa. Huyu mdogo, aliye na miaka minne, ambaye ulimi wake ndio kwanza unafunguka, aliachiwa mama yake na mwalimu wa chuoni, na hapana aliyefikiri kwamba yeye ndiye msingi wa jengo zima.

Mwaka 1982 wazee wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan, Imamu wa Maismaili, wakamweleza kwamba watoto wao wanabaki nyuma katika masomo, na wachache mno ndio wanaofika vyuo vikuu. Walichokuwa wakikilalamikia kilikuwa juu ya ngazi. Jambo lilipochunguzwa, ikaonekana kuwa ila ilikuwa chini kabisa, katika kipawa cha kwanza. Mtoto wa Kiislamu aliingia darasa la kwanza hali hajawahi kushika kalamu ya kuchorea wala kufungua kitabu chenye picha, akakalishwa pamoja na wenzake waliopitia nasari. Alianza mbio wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka. Nasari za mjini nazo zilikuwa ghali kwa mtu wa kipato kidogo, na tena hazikumfundisha mtoto dini yake. Kwa hivyo mzazi alilazimika kuchagua, ama nasari ama chuo, na wengi walichagua chuo, wakaikosa nasari.

Hapo ndipo lilipozuka wazo lililokuwa dogo kwa umbo na kubwa kwa maana: kwa nini milango iwe miwili? Na iwe nasari ndani ya madrasa yenyewe, penye uwanja ule ule na chini ya macho ya wazee wale wale. Mtoto aanze siku yake kwa dua, ajifunze sura fupi na adabu za Kiislamu, na papo hapo ahesabu, apange, achore, asimulie na aulize.

Wazo peke yake halisomeshi mtoto. Alitakiwa mtu wa kulitenda, na aliyepatikana ni Bi Swafiya Said, mwalimu, Muislamu na mwenyeji wa Mombasa. Katika kuchaguliwa kwake mna hekima. Jambo lililoletwa na mgeni, hata likiwa jema, hupokewa kwa mkono mmoja. Yeye alijua lugha ya watu wake, na jinsi ya kukaa na akina mama, na jinsi ya kusema na imamu wa msikiti kwa adabu inayompasa. Kabla ya kusomesha mtoto hata mmoja, ilimbidi awafahamishe watu wazima.

Na watu wazima walikuwa na maswali, nayo hayakuwa ya upuuzi. Wako waliouliza: Aga Khan si wa madhehebu yetu, vipi tuwakabidhi watoto? Jibu lilitolewa kwa vitendo. Madrasa ilibaki mali ya wenyewe, na mafunzo ya dini yalipangwa pamoja na wajuzi wa dini wa pale pale. Wako na waliouliza: mbona watoto hawa wanacheza tu? Mfumo uliofuatwa ulichukuliwa kutoka HighScope ya Marekani, ambako ulianza katika miaka ya 1960, ukabadilishwa upate kuafikiana na maisha yetu. Chumba hugawanywa pembe pembe. Pembe hii ya mambo ya nyumbani, ile ya vipande vya kujengea, nyingine ya vitabu. Mtoto husema atakalofanya, hulifanya, kisha husimulia alivyolifanya. Vifaa vyenyewe ni vitu vya kuokota, kama makombe, vifuu vya nazi, mbegu na vifuniko vya chupa, na huku kwetu nyuzi za migomba.

Anayedhani kuwa haya ni mambo mapya yaliyozuliwa na Wazungu, na arudi katika vitabu vyetu wenyewe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mzuri, kwani kumzuilia mchezo na kumshikilia masomo daima huua moyo wake na kuzima akili yake. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameonya kuwa ukali uliopita kiasi humharibu mwanafunzi, hasa aliye mdogo, humfundisha uongo na hila. Basi waliomtandikia mtoto mkeka wa kuchezea hawakutoka katika mwendo wa wanavyuoni.

Mwaka 1986 ndipo ilipofunguliwa nasari ya kwanza ya mpango huu, katika Madrasa ya Liwatoni, Mombasa. Mitaa mingine ilipoona, nayo ikataka.

Lakini heshima kubwa ya Bi Swafiya, kwa maoni yetu, haimo katika madarasa ya watoto. Imo katika alivyowafunza waalimu. Hao walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao vijana wasiosoma sana, ambao hakuna chuo cha ualimu ambacho kingewapokea. Jamaa wenyewe waliwachagua. Wakafunzwa kidogo kidogo, leo somo na kesho darasani kulitenda, na mkufunzi akawafuata huko huko madarasani mwao, akawatazama wakisomesha, akawasahihisha bila ya kuwavunja moyo. Msichana aliyekuwa akikaa nyumbani akitazamiwa kuolewa tu, akawa mwalimu anayesalimiwa njiani na wazee. Mwenye kumfunza mtoto mmoja amefanya kheri. Mwenye kumfunza mwalimu amefungua mfereji ambao hajui maji yake yatafika wapi.

Utaratibu uliowekwa ulikuwa na jambo moja la kuzingatiwa. Jamaa wa mtaa ndio waliotakiwa kutoa mahali, kuchagua kamati na kuwalipa waalimu. Kituo kiliwafunza na kuwasaidia kwa muda wa miaka kama miwili, na walipotimiza masharti walihitimu. Fahamu vizuri, aliyehitimu hapa ni mtaa mzima. Kisha waliwekewa akiba, ambayo sehemu yake waliichanga wao wenyewe, ili faida yake isaidie skuli isife. Mwenye kujua habari za wakfu ataona kuwa huu ni ndugu wa wakfu.

Kituo cha Zanzibar kilianza mwaka 1990, na cha kwetu Uganda mwaka 1993, Kampala. Baada ya miaka 20 hivi tangu ile nasari ya Liwatoni, skuli za namna hii zilikuwa zimepindukia 200 katika nchi hizi tatu. Zilipokea pia watoto wa majirani wasio Waislamu, nao wazazi wao wakaridhika nazo. Na wataalamu waliowapima watoto katika nchi zote tatu, wakatangaza matokeo yao mwaka 2008, waliona kuwa waliosoma katika madrasa hizi walikuwa wamewapita kwa akili na fahamu wale waliobaki nyumbani, na hata wale waliosoma katika nasari nyingine.

Sasa twarudi kwetu. Mwaka 1997 serikali ya Uganda iliondoa ada katika skuli za msingi, na watoto wengi wakaingia. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya kabla ya darasa la kwanza mikononi mwa wazazi na watu binafsi. Maana yake ni kwamba palipo na tajiri pana nasari, na palipo na maskini hapana, ila wenyewe wakusanyike. Msamaria hatapita kila mtaa, wala kila mtaa hautapata kituo cha kuushika mkono.

Na pale tulipokwisha kuzipata, hatuna budi kusema kweli juu yake. Skuli hizi zikianguka, aghalabu haziangushwi na ukosefu wa majengo. Huangushwa na mwalimu kuondoka. Hufunzwa, akabobea, kisha akalipwa kidogo na kwa kuchelewa, hata akaona heri kuuza vitumbua au kwenda kusomesha kwingine. Jamaa ambao hawakosi fedha za kupaka rangi mnara hukosa za kumlipa bibi anayewaundia watoto wao akili. Tumezoea kufikiri kwamba anayesomesha wadogo anafanya kazi ndogo. Samaki hukunjwa angali mbichi, sote twalisema hilo. Basi vipi mkunjaji awe wa mwisho kulipwa?

Ndugu zangu Waislamu, wanaume na wanawake, kumkumbuka mwalimu ni kuendeleza alichokianza. Jumuiya yetu haishindwi kutenga fungu katika mapato ya kila mwezi kwa mishahara ya waalimu wa watoto wadogo, wala wenye mali hawashindwi kuweka wakfu duka moja au chumba kimoja cha kupangisha kwa jambo hili. Hili likifanyika, jina la Bi Swafiya Said litakaa katika vinywa vya watoto wasiowahi kumuona.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amlipe kwa kila herufi aliyoisoma mtoto kwa sababu yake, awalipe waalimu wote aliowafunza na waliofunzwa na hao, na atujaalie sisi kuwa wenye kuitunza amana. Amin.