Mkanda Mmoja, Abiria Mmoja

Kabla ya John Michuki kuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, mkanda katika matatu nyingi ulikuwa wa dereva peke yake, na dereva mwenyewe alikuwa ameukalia. Nyuma hapakuwa na cha kufunga wala pa kukifungia. Nissan yenye leseni ya abiria 18 ilibeba 20 na zaidi. Waliokosa viti waliinama chini ya paa kama waliorukuu, na pengo la katikati ya viti kondakta alilizibia kwa ubao, mtu mwingine akakaa. Mimi ni mshona viti. Historia hii naijua kutoka chini, pale bolti zinapoingia sakafuni.

Mkanda una umri mkubwa kuliko biashara yetu. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo kule Uswidi, alibuni ule wa kupita kiunoni na begani mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bure. Jimbo la Victoria, Australia, likawa la kwanza kumlazimisha msafiri aufunge, mwaka 1970. Uingereza walivutana miaka mingi, wengine wakiuliza serikali ina haki gani ya kumwokoa mtu mzima ambaye hajaomba kuokolewa, hadi sheria ikaanza kazi Januari 1983 kwa wanaokaa mbele. New Hampshire, Marekani, mpaka leo hakuna sheria inayomlazimisha mtu mzima kuufunga. Ni mjadala mtamu, lakini ni wa mtu mwenye gari lake. Abiria wa Githurai, pembezoni mwa Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi haulizi kama ana uhuru wa kutofunga mkanda. Anauliza kama kuna nafasi.

Matatu zilikua bila mtu kuzipima. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliziruhusu kubeba watu bila leseni ya uchukuzi, na Bunge lilipozitungia sheria mwaka 1984 biashara ilikuwa imeshazoea kujipangia mambo. Kufikia mwanzo wa karne hii barabara zetu zilikuwa zikiua takriban watu 3,000 kwa mwaka. Kisha ikaja serikali mpya ya muungano wa NARC, na pamoja nayo ari ambayo sijaiona tena. Mwanzoni mwa 2003 abiria walikuwa wakiwazingira polisi wa trafiki na kuwalazimisha warudishe hongo hadharani. Michuki, mbunge wa Kangema, aliikuta ari hiyo ingali moto. Oktoba ya mwaka huo kanuni zake zikachapishwa katika Gazeti la Serikali: kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila kiti, utepe wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na kondakta, picha ya dereva ibandikwe ndani, marufuku kusimama, na Nissan isibebe zaidi ya abiria 14. Mwisho wa kujitayarisha ukawa tarehe 1 Februari 2004.

Wenye magari walingoja. Walikuwa wameshaona matamko mengi yakija na kupita. Januari ilipoanza kuyoyoma na Michuki hajalegeza kamba, ndipo Grogan, mtaa wetu wa spea Nairobi, ikafurika. (Ramani inaandika Barabara ya Kirinyaga, lakini mtu wa spea akikwambia hivyo ujue ni mgeni.) Wachoraji waliokuwa wakiyapamba magari kwa sura za wanamuziki walibaki na kazi ya kuchora mstari mmoja wa manjano, wakanuna. Sisi wa viti tulichagua wateja.

Nieleze kazi yenyewe, kwa maana walioandika kanuni hawakuieleza. Kutoka abiria 18 hadi 14 si suala la kung'oa viti tu. Vinavyobaki vinasogezwa, sakafu inatobolewa upya, matundu ya zamani yanazibwa. Kisha mkanda. Utepe wa nailoni tuliupata kwa mita, na vifungio vingi vilitoka kwenye magari ya Japani yaliyochinjwa kwa ajili ya spea. Ncha ya utepe unaikunja mara mbili, unaipiga nyuzi kwa cherehani nzito, mstari wa mraba na msalaba katikati, ndipo isifumuke ikivutwa. Mwisho ni bolti, na hapo ndipo mafundi walipotofautiana. Anayejua kazi alitoboa hadi kwenye chuma cha bodi, chini akaweka bamba, akakaza nati mbili. Mwenye haraka alikaza skrubu kwenye plaiwudi ya sakafu, au akaufunga mkanda kwenye fremu ya kiti ambacho chenyewe kinatikisika ukikigusa. Gari likigonga, mtu wa mkanda huo anaruka pamoja na kiti chake.

Kwa macho, yote miwili ni mkanda. Wakaguzi waliihesabu, wakapiga muhuri.

Tarehe 1 Februari ilikuwa Jumapili. Jumatatu yake Nairobi ilitembea kwa miguu, kwa kuwa magari mengi hayakuthubutu kutoka. Yaliyotoka yalipandisha nauli, na hata hivyo watu walimshangilia Michuki huku wakitembea. Nimewahi kujiuliza sababu, na nadhani ni hii: kwa mara ya kwanza abiria alikuwa na kiti chake. Mkanda ulikuwa ushahidi. Kondakta akikwambia usogee kidogo, ulimwonyesha kifungio kilichokuwa ubavuni mwako na kumuuliza huyo wa ziada atafungwa na nini. Kazi kubwa ya mkanda mwaka ule, kwa maoni yangu, ilikuwa kuhesabu watu. Kuwashika mwili kulikuja baadaye, tena pale tu fundi alipokuwa mwaminifu.

Mwaka 2005 Michuki alihamishiwa wizara ya usalama wa ndani, na kamba ikalegea taratibu. Mikanda ilijaa uchafu kwa sababu hakuna aliyeifua. Nawakumbuka akina dada wa ofisini wakitandika gazeti juu ya blauzi nyeupe kabla ya kuvuta mkanda. Kisha ukazuka mtindo ambao kila Mkenya anaujua: "Fungeni mikanda, karao wako mbele!" na gari zima linashughulika. Wengi hawafungi hata hapo. Wanaulaza tu mapajani, wanaushika kwa mkono, kizuizi cha polisi kikipitwa wanauachia. Faini ya abiria asiyejifunga ni shilingi 500, na siku za msako utaona gari zima likipelekwa mahakamani. Mwenye gari lenye skrubu kwenye plaiwudi anabaki nyumbani.

Oktoba 2018 basi lilipinduka Fort Ternan, zaidi ya watu 50 wakafa. Mwezi uliofuata mawaziri Fred Matiang'i na James Macharia wakatangaza kwamba kanuni za Michuki zinarudi, zile zile, kana kwamba zilikuwa zimewahi kufutwa. Watu wakatembea tena. Utepe wa manjano ukapakwa upya, wateja wangu wakarudi kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mkanda uwe lazima, jibu langu ni ndiyo, bila kusita. Lakini lazima hiyo ianze kwa mwenye gari na fundi wake. Mkaguzi aingie chini ya gari na tochi, aitafute ile nati na lile bamba, na asipoviona gari lisitoke. Abiria afuate. Kwa sasa mteja akija anaagiza ngozi, taa za rangi, skrini na spika za kutikisa mtaa, na kwa hayo habishani bei. Mkanda anautaja mwisho, akiwa ameshageuka kuondoka: "Na fundi, weka basi ile ya kupita ukaguzi."